Falsafa ni ya nini, na historia yake isomwe kwa mpangilio gani?

Mpekuzi wa Usiku

Heshima kwenu wakuu.

Nina maswali mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza: falsafa inafanya kazi gani hasa? Daktari anatibu, mhandisi anajenga daraja, wakili anatetea mtu. Mwanafalsafa, miaka 2,400 baada ya Socrates, bado anauliza haki ni nini.

La pili: vitabu vingi vya historia ya falsafa vinaanza na Thales, Mgiriki wa kale, na kushuka hadi karne ya 20, kila mtu na aya zake tatu. Kazaliwa lini, kasema nini, nani kampinga. Ukimaliza unaweza kujibu mtihani, lakini ukiulizwa kwa nini Thales alisema asili ya vitu vyote ni maji, unabaki kukuna kichwa. Je, tusome kwa kufuata miaka, au tuchukue swali moja (Mungu, haki, nafsi) tulifuate hadi mwisho? Na mtu mwenye saa nne au tano kwa wiki aanzie wapi?

Tafadhali msinitupie orodha ya vitabu 30.

---

Kalamu Kavu

Mkuu, nianze na huyo huyo Thales, maana ndiye anayeonyesha tatizo lilipo. Hakuna andiko lake hata moja lililobaki. Habari ya maji tunaipata kwa Aristotle, katika kitabu chake Metafizikia, 983b, na Aristotle aliandika zaidi ya miaka 200 baadaye. Ile sababu yenyewe, kwamba chakula cha kila kiumbe kina unyevu na mbegu nazo zina unyevu, Aristotle anaitoa kwa kusema "huenda". Anakisia. Tena anakisia akiwa na shughuli yake: katika kitabu hicho anatafuta aina nne za sababu, kwa hiyo anawapanga waliomtangulia kana kwamba kila mmoja alikuwa akipapasa gizani kutafuta mojawapo ya hizo nne. Thales na wenzake wakaangukia fungu la maada, yaani kitu kimeundwa kwa nini. Kitabu chako cha mtihani kimelichukua fungu hilo, kikafuta neno "huenda", kikakupa kama taarifa. Huna la kusema kwa sababu aliyekuandikia naye hana.

Kwa hiyo kufuata miaka siyo kosa. Kosa ni kukusanya misimamo. Mimi ningekushauri ufuate ugomvi: nani anabishana na nani, juu ya neno gani, na ni dai lipi likiondolewa hoja nzima inaporomoka.

Anza na Euthyphro ya Plato, mazungumzo ya Socrates na mtu mwenye jina hilo. Ni fupi, kurasa 2a hadi 16a kwa hesabu ya kawaida, saa moja na nusu inatosha kuisoma mara ya kwanza. Euthyphro anakwenda kumshtaki baba yake mzazi kwa mauaji, na anadai anajua uchaji ni nini. Socrates anamwomba maana ya neno hilo. Katika 5d anajibu: uchaji ni hiki ninachofanya mimi sasa, kumshtaki mkosaji hata akiwa baba. Jibu hilo linakataliwa kwa kuwa huo ni mfano tu. Kufikia 7a anasema ni kile kinachopendwa na miungu. Linakataliwa pia, kwa kuwa miungu ya Wagiriki inagombana, na kitu kimoja kitapendwa na huyu na kuchukiwa na yule. Katika 9e anarekebisha: kinachopendwa na miungu yote. Hapo, kwenye 10a, ndipo linapokuja swali lililoufanya mjadala huu uishi hadi leo: je, jambo la uchaji linapendwa na miungu kwa sababu ni la uchaji, au ni la uchaji kwa sababu linapendwa?

Usipite hapo mbio. Mistari inayofuata, 10b na 10c, ndiyo inayowashinda wengi. Socrates anasema mzigo unabebwa kwa sababu yupo anayeubeba. Hakuna mtu anayeubeba kwa sababu ya huko kubebwa kwake. Wafasiri wa Kiingereza wanapata tabu kubwa kuitoa tofauti hii isomeke, lakini sisi wenye kiambishi -w- tunaipata bila jasho: kupenda ndiko kunakotangulia, kupendwa kunafuata. Sasa Euthyphro amekwisha kubali kwamba miungu inapenda uchaji kwa sababu ni uchaji. Basi kupendwa ni jambo linaloupata uchaji, halituambii uchaji wenyewe ni nini. Hilo ndilo la 11a.

Kosa la kawaida ni kuondoka hapo ukisema Socrates amethibitisha kuwa maadili hayamhitaji Mungu. Hakuthibitisha hivyo. Alichoonyesha ni kwamba madai mawili hayakai chungu kimoja: (1) uchaji maana yake ni kupendwa na miungu, (2) miungu inaupenda kwa sababu ni uchaji. Anayelikataa la pili anatoka salama kwenye mtego. Ndivyo walivyofanya Waashari katika elimu ya kalam, yaani theolojia ya Kiislamu: jema ni jema kwa kuwa Mungu ameliamuru. Wapinzani wao, Mutazila, wakashika upande mwingine, kwamba akili inaweza kulijua jema hata kabla ya amri. Ukiwasoma hao baada ya Euthyphro utaona ni ugomvi ule ule umevaa kanzu nyingine, ingawa Plato hawakumtegemea kuuanzisha.

Kwa saa zako tano: siku ya kwanza soma yote bila kalamu. Siku ya pili soma 5d hadi 11b tu, andika kila dai kwa sentensi yako mwenyewe na ulipe namba. Hayatazidi 15. Siku ya tatu funga kitabu, jaribu kuijenga hoja upya kutoka kwenye karatasi yako. Utakapokwama ndipo ulipodanganyika kuwa umeelewa. Wiki mbili zinazofuata chukua Meno, mazungumzo mengine ya Plato (70a hadi 100b). Kisha Tafakuri za Mfaransa Descartes za 1641, ziko sita, kila moja wiki yake, pamoja na pingamizi zilizochapishwa nazo na majibu yake. Bila pingamizi usizisome kabisa. Ongeza barua ya binti mfalme Elisabeth wa Bohemia ya Mei 1643, anayemuuliza Descartes swali rahisi la kuua: nafsi isiyo na ukubwa wala uso wa kugusana inasukumaje mwili? Majibu ya Descartes yanayumba, na utajifunza zaidi hapo kuliko kwenye sura nzima ya kitabu cha muhtasari.

Na ndani ya Tafakuri sita zenyewe usiitafute "nafikiri, kwa hiyo nipo". Haimo. Imo katika kitabu chake cha 1637 na kile cha 1644. Tafakuri ya pili inasema tu kwamba "mimi nipo" ni kweli kila ninapolitamka au kuliwaza, na tofauti ya sentensi hizo mbili siyo ndogo, maana ya kwanza inaonekana kama hoja yenye "kwa hiyo" na ya pili haina.

Wiki tisa au kumi, vitabu vitatu. Kile cha muhtasari kiweke kando kama ramani.

---

Bint Juzuu

Kwa Thales nakubaliana nawe Kalamu Kavu, lakini njia yako ya ugomvi ina shimo. Huwezi kujua nani anabishana na nani kama hujui andiko limekufikiaje.

Mfano ulio wazi ni Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu wa karne ya 11. Kabla ya kuwapinga wanafalsafa aliandika kitabu cha kueleza makusudio yao, Maqasid al-falasifa, na ndani yake anayapanga mafundisho ya Ibn Sina, mkubwa wa wanafalsafa hao, kwa utulivu kabisa. Mwanzoni anasema wazi kwamba anaeleza kwanza ili apinge baadaye. Kitabu cha kupinga kikafuata, Tahafut, masuala 20, na matatu kati ya hayo aliyahukumu kuwa ukafiri: ukale wa ulimwengu, kwamba Mungu hajui mambo mojamoja, na kukana ufufuo wa miili. Sasa katika karne ya 12 Maqasid ikatafsiriwa kwa Kilatini kule Toledo, na nakala nyingi zikazunguka bila ile dibaji. Matokeo yake wanazuoni wengi wa Ulaya wakamsoma "Algazel" kama mfuasi mwaminifu wa Ibn Sina! Hoja walizielewa vizuri. Mwenye hoja ndiye waliyemkosea, kwa sababu ya ukurasa mmoja uliopotea.

Kinyume chake nacho kilitokea Baghdad. Katika karne ya 9, kundi la mwanafalsafa al-Kindi lilikuwa na kitabu kilichoitwa Theolojia ya Aristotle. Kumbe kimetokana na Plotinus, mfuasi wa Plato aliyeishi karne ya 3 baada ya Kristo, sehemu za maandiko yake, Enneadi ya nne hadi ya sita, zikiwa zimefasiriwa na kupanuliwa. Ukijiuliza kwa nini Farabi, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefuata baadaye, alihangaika kumpatanisha Plato na Aristotle, jibu mojawapo liko hapo. Aristotle aliyekuwa mezani kwake alikuwa tayari nusu Plato.

La pili ni tafsiri. Tukifasiri eudaimonia ya Aristotle kuwa "furaha" tumeharibu kitabu kizima cha Maadili ya Nikomako. Pale 1100a anasema mtoto hawezi kuwa na eudaimonia. Kwa Kiswahili itasomeka kuwa mtoto hawezi kuwa na furaha, na kila mama atacheka. Mistari michache mbele anauliza kama maafa ya wajukuu yanaweza kuigusa eudaimonia ya mtu aliyekwisha kufa. Furaha ya maiti? Weka "heri" kama tunavyosema maisha ya heri, na sehemu zote mbili zinakaa sawa: heri hupimwa kwa maisha mazima na inahitaji matendo ya mtu aliyekomaa. Ukikuta sentensi ya mwanafalsafa inachekesha, shuku tafsiri kabla ya kumshuku yeye.

Kwa hiyo Mpekuzi, kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza tumia nusu saa kujua andiko liliandikwa kwa lugha gani, nakala tuliyonayo ni ya lini, na kama mwandishi anasema yake au anasimulia ya mpinzani. Hilo la mwisho ndilo linaloangusha wengi. Wapo wanaomnukuu Descartes kuwa alisema hatuwezi kujua lolote kwa sababu waliishia Tafakuri ya kwanza.

Na mgawanyo wa "wanaakili" (maarifa hutoka akilini) Descartes, Spinoza na Leibniz upande huu, "wanauzoefu" (maarifa hutoka kwenye hisi) Locke, Berkeley na Hume upande ule, uchukulie kama kabati lililotengenezwa baadaye, baada ya Mjerumani Kant wa karne ya 18. Descartes alipasua wanyama kwa mikono yake. Locke, kitabu cha nne cha Insha yake, anasema maarifa ya hakika kabisa hupatikana kwa akili kuona uhusiano wa mawazo. Kabati linasaidia kutafuta, lakini halikuwekwa pale na wenye nguo.

---

Mpekuzi wa Usiku

Asanteni sana, hasa hilo la "heri". Je, Afrika? Kila nikigusa nakutana na "falsafa ya Kibantu", halafu mtu mwingine anasema hiyo si falsafa.

---

Mzizi wa Mbuyu

Ugomvi huo nao usome kama ugomvi, utaona umepangika vizuri kuliko watu wanavyodhani, na sisi Waswahili tuna nafasi ya kuukagua wenyewe bila mkalimani.

Mwaka 1945 padri Mbelgiji Placide Tempels, aliyekuwa Katanga kwa Waluba, alitoa kitabu kinachodai Wabantu wana metafizikia yao, yaani nadharia ya vilivyopo: kwamba kuwepo ni nguvu, nguvu ya uhai inayozidi na kupungua. Alexis Kagame wa Rwanda hakuridhika na njia hiyo. Mwaka 1956 akaja na kitu kinachoweza kupimwa: aliangalia ngeli za Kinyarwanda, akatoa makundi manne ya vilivyopo, umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Yaani kilichopo chenye akili, kilichopo kisicho na akili, mahali na wakati, na namna ya kuwa.

Kipime kwa Kiswahili. Mtu, kitu, mahali zipo wazi. Sasa weka kipofu, kiziwi, kijana, kiongozi. Wote wana ki-, lakini tunasema "kipofu amefika", siyo "kimefika". Na mti uko pamoja na mto na mkate, sijui hapo tunapata metafizikia gani. Mtetezi wa Kagame atasema upatanisho ndio wa kuangalia, siyo umbo la nomino, na "amefika" inamuunga mkono. Ni jibu zuri. Ila linabakiza swali gumu zaidi: sarufi ikionyesha tunavyoainisha maneno, imeonyesha kwamba kuna aliyefikiri hivyo na yuko tayari kutetea? Shutuma hiyo hiyo, kwamba aligeuza sarufi kuwa metafizikia, amewahi kutupiwa Aristotle kwa makundi yake kumi ya Kigiriki, kwa hiyo isitumike kama fimbo ya Waafrika peke yao.

Mbiti, Mkenya, katika kitabu chake cha 1969, alisema wakati wa Kiafrika una zamani ndefu na sasa, na wakati ujao ni mfupi mno. Wasomaji wengi hudhani anachambua Kiswahili, maana maneno Sasa na Zamani ni ya kwetu, halafu wanamwangusha kwa "kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo". Hawajamgusa. Ushahidi wake wa vitenzi ulikuwa wa Kikamba na Kikikuyu; Kiswahili alikiazima kwa majina tu. Pa kumbana ni pengine: lugha kukosa kiambishi cha wakati wa mbali hakuonyeshi kwamba wasemaji wake hawaufikirii. Mzee anayepanda mnazi anajua atakayekunywa dafu lake. Na kutoka lugha mbili hadi "Waafrika" ni kuruka mto mpana.

Hountondji wa Benin ndiye aliyeikata njia yote hii miaka ya 1970: huwezi kuipa kabila zima fikra moja isiyo na mwenyewe. Falsafa inahitaji mtu mwenye jina, aliyesema, anayeweza kujibiwa. Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi akalichukua sharti hilo na kwenda nalo vijijini. Njia yake unaweza kuifuata kama hatua. Unamtafuta mzee anayetambuliwa na jamii yake kuwa mwenye hekima. Unamuuliza jamii inasemaje, mathalani juu ya usawa wa mwanamke na mwanamume. Kisha unamuuliza yeye mwenyewe anasemaje, na kwa nini. Kisha unampinga. Anayeishia kurudia ya jamii, hata kwa ufasaha wa methali, Oruka anamwita mwenye hekima ya watu. Anayesimama kando na kutoa sababu zake ndiye mwenye hekima ya kifalsafa. Mazungumzo yakachapishwa na majina ya wasemaji mwaka 1990. Udhaifu uliopo ni kwamba maswali yalitoka kwa profesa, na mtu anaweza kuuliza kama falsafa hiyo ilikuwepo kabla ya kuulizwa. Lakini Socrates naye aliuliza.

Moja zaidi kwa haraka. Ukikutana na kitabu cha Zera Yacob wa Ethiopia, Hatata, kilichoandikwa kwa Kigeez (lugha ya kale ya Ethiopia) na chenye tarehe ya 1667 ndani yake, fahamu kwamba nakala yake ilitoka kwa mmisionari Giusto d'Urbino katikati ya karne ya 19, na mwaka 1920 mtafiti Conti Rossini alidai d'Urbino ndiye mtunzi. Claude Sumner akatetea uhalisi wake, na ubishi haujaisha. Hoja zake zisome, zinasimama zenyewe, hasa pale anapouliza amsadiki nani ikiwa kila dini inasema ndiyo ya kweli. Kitu usichopaswa kufanya ni kujenga dai la "Mwafrika alitangulia" juu ya tarehe inayobishaniwa.

---

Fundi Saa

Naona swali la kwanza mmelirukia kama dimbwi.

Mpekuzi, ulimtaja daktari. Desemba 1967 moyo wa mtu ulipandikizwa kwa mtu mwingine kwa mara ya kwanza, Cape Town. Mwaka uliofuata kamati ya Harvard ikapendekeza kwamba mtu ambaye ubongo wake umezimika moja kwa moja ahesabiwe amekufa, hata kama mashine inampumulisha na moyo unapiga. Vipimo vinaweza kukuambia ubongo umezimika. Hakuna kipimo kinachosema kuzimika huko ndiko kufa. Hilo linaamuliwa kwa hoja, na daktari anapoliamua anafanya falsafa, ajue asijue. Anaweza kuifanya vibaya.

Au wakili. Mzizi kamtaja Oruka. Katika kesi ya mazishi ya S.M. Otieno, Nairobi 1987, mjane na ukoo waliposhindania mwili, Oruka aliitwa mahakamani kutoa ushahidi kama mtaalamu. Sheria ilikuwepo, mila ilikuwepo. Kilichokosekana ni makubaliano kuhusu mtu aliyekufa ni wa nani, na mila inamfunga kiasi gani aliyeishi maisha ya mjini.

Na hesabu ya kwamba falsafa haijawahi kujibu kitu ina hitilafu ndani yake. Newton mwaka 1687 aliita kazi yake kanuni za kihisabati za falsafa ya asili. Saikolojia ilikuwa chumba cha nyumba hiyo hiyo hadi maabara ya mwanasaikolojia Wundt ya Leipzig, 1879. Swali likishapata njia ya kupimwa linahama na kupewa jina jingine, kisha tunawahesabia wanafalsafa yaliyobaki tu. "Haki ni nini" limebaki kwa sababu halijapata mizani, na sidhani kama litapata. Hapo sikupi matumaini.

---

Mpekuzi wa Usiku

Nimewaelewa. La mwisho, ni la kizembe kidogo: hizi 10a, 983b, 1100a ni nini? Nakala niliyopakua haina.

---

Kalamu Kavu

Si la kizembe hata kidogo, na nakala hiyo iache. Za Plato ni kurasa za chapa ya Henri Estienne, Geneva, 1578. Herufi a hadi e ni vipande vya ukurasa. Chapa ile ilikuwa na majuzuu matatu na kila juzuu lilianza namba upya, ndiyo maana lazima utaje na jina la mjadala. Za Aristotle ni za chapa ya Bekker, Berlin, 1831: ukurasa, safu a au b, kisha mstari. Kitabu cha Kant, Uhakiki wa Akili Safi, kina A kwa toleo la 1781 na B kwa la 1787. Waliomtangulia Socrates wana namba za Diels, msomi aliyekusanya vipande vyao, kuanzia 1903: A ni habari zilizosimuliwa na wengine, B ni maneno yao wenyewe. Lile la Thales na maji liko chini ya A, na hiyo herufi moja ingekuokoa na aya nzima ya kitabu chako cha mtihani.

Ukipata Euthyphro yenye namba, usiishie 11b kama nilivyokuwekea kwa wiki ya kwanza. Endelea hadi 15c uone wanavyozunguka na kurudi pale pale pa 10a bila Euthyphro kugundua, kisha 15e anakumbuka ghafla kwamba ana haraka.